Watoto wa Milimani na Tanga la Ziwani

Siku isiyo na ukungu, mtu akisimama juu ya mwamba wa Manga, mpakani mwa Kisii na Nyamira, huliona Ziwa Viktoria. Liko mbali kule chini upande wa kaskazini-magharibi, mng'ao mwembamba kama bati jipya, na Mlima Homa ukiwa umejikita kando yake. Kutoka mjini Kisii hadi Kendu Bay au Homa Bay ni safari ya saa moja na kitu kwa matatu. Lakini familia za Kisii na Nyamira zinazojaliwa kuwapeleka watoto likizo ya maji hulipa nauli ya Mombasa, upande wa pili wa nchi, na mtoto wa Keroka au Nyansiongo anaweza kumaliza shule ya msingi bila kukanyaga ndani ya mashua hata siku moja. Ukiuliza kwa nini, jibu huwa karibu: sisi ni watu wa milimani, maji si yetu, na kutembeza watoto kwa mashua ya tanga ni starehe ya Wazungu. Jibu hilo hutolewa kana kwamba limerithiwa kutoka kwa mababu. Mimi nadai halikurithiwa. Umbali kati ya milima ya Gusii na ziwa ulitengenezwa, tena juzijuzi, na sababu zilizoutengeneza zinatajika moja moja. Tanga nalo ni geni kwa kila kabila linalolizunguka ziwa hilo. Lilipokuwa mila, lilikuwa mila kwa sababu watu wazima waliliweka mikononi mwa watoto wao.

Tuanze na kumbukumbu za Abagusii wenyewe, wenyeji wa Kisii na Nyamira. Masimulizi ya koo zao yanasema walishuka kutoka upande wa Mlima Elgon, wakakaa muda mrefu katika nyanda za Kano na sehemu za Kisumu, kisha wakasukumwa na ujio wa Waluo na shida za mifugo wakapanda Kabianga, na mwishowe wakaingia katika milima wanayoikalia leo. Masimulizi ya uhamaji yana udhaifu wake: hupangwa upya na kila kizazi, na si kila jina la mahali ndani yake ni ushahidi. Pia kukaa Kano si kuvua samaki, na sina nia ya kumfanya Omogusii wa kale baharia. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho, na ndiyo maana kina nguvu. Watu hawa walilijua ziwa, wakalipa jina, enyancha, na hawakulisahau walipopanda. Ukoo wa Abanchari, wale wa Bonchari, mnyama wao wa heshima ni kiboko, engubo. Kiboko hachungwi malishoni wala hakutwi kwenye vilele vya Manga. Kumbukumbu ya majini imebebwa ndani ya jina la ukoo, na mpaka leo wachongaji wa Tabaka humtoa kiboko huyo huyo kutoka kwenye jiwe laini la waridi, wakamlaza kwenye meza za watu wa mbali. Tena ndugu wa lugha zao, Wasuba wa Rusinga na Mfangano, husimulia kwamba wazee wao walivuka kutoka upande wa Uganda kwa mitumbwi, na visiwani huko wamebaki. Mbantu wa Nyanza Kusini hakuzaliwa na woga wa maji.

Baada ya kupanda milimani, uhusiano haukukatika, ulibadilika ukawa wa soko. Mlima ulikuwa na nafaka ya wimbi, na ulikuwa na wahunzi waliofua majembe na mikuki. Nyanda za chini zilikuwa na ng'ombe, vyungu, samaki wakavu, na chumvi ya magadi iliyokusanywa kando ya ziwa. Mvua ilipokataa kule chini, Waluo walipanda na mifugo kutafuta nafaka. Ilipokuwa amani, wanawake wa pande zote mbili walikutana mipakani na vikapu. Baadhi ya bidhaa hizo zilikuwa zimeshasafiri majini kabla ya kupanda kichwani mwa mtu, kwa kuwa Wasuba na watu wa visiwani ndio waliokuwa wachukuzi wa ziwa. Biashara hiyo haijafa. Ingia Daraja Mbili, soko kubwa la mji wa Kisii, ukaone omena iliyorundikwa juu ya magunia, samaki mdogo mwenye kung'aa kama sindano, ikipimwa kwa gorogoro na kichuguu kidogo cha nyongeza juu ya ukingo wa mkebe. Mtoto wa Kisii hula ziwa karibu kila wiki. Anakula asichowahi kukiona kikitolewa majini.

Halafu ikaja miaka ambayo watu wa sasa wameisahau kabisa, na ambayo kwangu ni ushahidi mzito kuliko masimulizi ya uhamaji. Reli ya Uganda ilifika ziwani, mahali palipoitwa Port Florence na baadaye Kisumu, mwezi Desemba 1901. Kutoka hapo mbele hapakuwa na reli wala barabara ya kwenda kusini. Palikuwa na maji. Meli za mvuke, William Mackinnon, kisha Winifred, Sybil na Clement Hill, ndizo zilizokuwa barabara. Serikali ya kikoloni iliitawala Kavirondo Kusini, yaani Nyanza Kusini ya baadaye, kwanza kutoka Karungu, bandari ya ziwani, na ni mwaka 1907 tu ilipohamia juu na kuanzisha kituo cha Kisii, mji ambao wenyeji waliuita Bosongo, mahali pa Abasongo, yaani Wazungu. Dini ilikuja kwa njia hiyo hiyo. Novemba 1906 mmisionari Arthur Carscallen na mwenzake Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, walivuka Ghuba ya Winam kwa mashua wakatua Kendu Bay, wakajenga Gendia. Kutoka Gendia Uadventista ulipanda mlima, na kufikia 1912 ulikuwa Nyanchwa, juu kidogo ya mji wa Kisii. Anayejua jinsi Sabato inavyonyamazisha maduka ya Kisii na Nyamira mpaka leo atafahamu uzito wa mashua ile. Mazao yalishuka kwa njia hiyo hiyo. Nafaka, na baadaye kahawa ambayo wakulima wa Kisii walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa Kenya kuruhusiwa kuipanda katika miaka ya 1930, ziliteremshwa hadi Kendu Bay, mji wa maduka ya Wahindi na misikiti, zikapakiwa melini kwenda kukutana na reli. Kwa zaidi ya nusu karne, mlango wa Gusii ulikuwa gati la mbao ziwani.

Mlango huo ulifungwaje? Kwanza kwa maradhi. Ugonjwa wa malale ulioanza kuangamiza watu kando ya ziwa mwanzoni mwa karne ya 20 uliacha fukwe nzima bila watu, na mbung'o wa Bonde la Lambwe wakawa hadithi ya kutisha iliyopanda milimani pamoja na ile ya malaria. Mtu wa Nyamira aliyejua kwamba kushuka chini ni kurudi na homa alikuwa na sababu njema ya kumkataza mwanawe. Pili kwa mipaka. Ukoloni ulimweka kila mtu katika eneo la kabila lake, ukampa chifu wake na mahakama yake, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wilaya ya Kisii ikatengwa na Nyanza Kusini, mlima upande wake na ziwa upande wake. Katiba ya 2010 ilipoleta kaunti, mstari huo ukachorwa kwa wino mzito zaidi. Tatu kwa lami. Barabara ilipofika, lori lilimaliza kwa saa chache kilichohitaji siku nzima ya kupakia na kupakua, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la pamoja lililoendesha reli na meli nalo likagawanywa vipande. Safari za Kendu Bay na Homa Bay zilipungua, zikadorora, zikakoma. Hakuna hata moja kati ya sababu hizi inayohusu asili ya Abagusii. Zote zina tarehe. Malale yamedhibitiwa, mipaka ya wilaya haimzuii mtu kupanda matatu, na lami iliyoua meli ndiyo leo inayoweza kumfikisha mtoto ufukweni kabla ya saa tatu asubuhi.

Hapo msomaji mwenye macho atanishika mkono: yote haya ni mitumbwi na meli za mvuke, tanga liko wapi? Swali ni la haki, na jibu lake ndilo kiini cha jambo. Mitumbwi ya kale ya Ziwa Viktoria, ile mikubwa ya mbao zilizoshonwa ambayo Baganda na watu wa Ssese waliijenga kwa ustadi wa ajabu, ilipigwa kasia. Haikuwa na tanga. Henry Morton Stanley alipolizunguka ziwa mwaka 1875 alikuwa na mashua aliyoibeba vipande vipande kutoka pwani. Mfanyabiashara wa pwani aliyeitwa Songoro ndiye aliyejenga jahazi upande wa kusini wa ziwa katika miaka hiyo hiyo, akitumia maarifa ya Bahari ya Hindi mahali ambapo hapakuwahi kuonekana foromali, boriti inayobeba tanga. Tanga basi lilifika ziwani likiwa limebebwa na watu wa Kiswahili na Kiarabu, kisha likaenea baada ya reli, pale mafundi wa Kihindi na wanafunzi wao walipojenga vyombo vya mbao za kupigiliwa misumari. Mvuvi wa Kiluo ambaye leo tunamtazama akikatiza ghuba na tanga lake la pembetatu, tukasema huyu amezaliwa nalo, babu wa babu yake hakulijua. Alijifunza. Vizazi vichache vilitosha kugeuza kitu kigeni kuwa jambo ambalo mtoto wa Usenge au Mfangano hufanya bila kufikiri. Kama hoja ya kwamba si mila yetu ingekuwa na nguvu, basi Waluo nao wangeikataa mashua ya tanga, na Wasuba, na kila mtu isipokuwa watu wa pwani.

Na Wazungu je, wao ndio wenye nayo? Hata kwao likizo ya familia kwenye mashua ya tanga si ya zamani kama inavyodhaniwa. Kwa muda mrefu ilikuwa ya matajiri wachache wenye vyombo vikubwa na mabaharia wa kuajiriwa. Kilichoishusha kwa watu wa kawaida ni ubao wa plaiwudi. Mwaka 1947 kule Clearwater, Florida, Clark Mills alichora kimashua cha mtoto mmoja, kirefu kuliko kitanda cha watu wawili kwa tofauti ya shubiri chache tu, kwa maumbo rahisi ambayo mzazi angeweza kuyakata mwenyewe. Ndicho Optimist, kinachofundishia watoto duniani kote hadi leo. Mwaka 1963 gazeti la Daily Mirror la Uingereza lilitoa mashua iitwayo Mirror, yenye tanga jekundu, iliyouzwa ikiwa vipande vya kuunganishwa gereji au uani, na zaidi ya 70,000 zilijengwa. Wafanyakazi wa viwandani na walimu wakaanza kwenda ziwani na watoto. Haya yalitokea wakati Kenya inapata uhuru wake. Kwa hiyo anayesema likizo ya tanga ni urithi wa kale wa Ulaya anaipa umri isiokuwa nao. Ni desturi iliyoundwa makusudi, kwa chombo cha bei nafuu, na watu walioamua kwamba watoto waanze mapema.

Watu wa pwani yetu walilijua hilo bila plaiwudi. Lamu na visiwani kote, mtoto huanza na kichombo cha kuchezea, kipande cha mti mwepesi chenye kijitanga cha kitambaa au karatasi, akikisukuma kwenye maji ya kina cha goti. Ukimwangalia utaona anafanya kazi. Kijitanga kikikazwa mno, kichombo hulala ubavu; kikilegezwa mno, hupepea na kubaki palepale. Anasogeza uzi nusu ya kidole, anakiachia tena. Baadaye huchukuliwa kwenye ngalawa au mashua ya mjomba, na kazi yake ya kwanza ni kuteka ngama, maji yanayojikusanya chini ya chombo, kwa kata au mkebe. Ni kazi ndogo, lakini inamkalisha chini katikati ya chombo, mahali salama kuliko pote, huku masikio yakisikia maneno: vuta demani, legeza, angalia joshi, tunabisha. Anaona foromali ikizungushwa mbele ya mlingoti chombo kinapogeuka, na watu wakihamia upande wa pili bila kuambiwa. Ndipo siku moja hupewa kamba ya tanga aishike na mkono wa mtu mzima ukiwa juu ya wake, na anahisi upepo ukivuta kama ndama anayetaka kutoroka. Usukani huja mwisho. Mpangilio huu, wa kuchezea kwanza, kisha kuteka maji, kisha kamba, kisha usukani, ndio naona unawafaa wazazi wa Kisii na Nyamira kuliko zawadi yoyote ya hotelini. Hauhitaji klabu. Unahitaji mtu mzima mvumilivu na chombo kisichokwenda mbali.

Pingamizi kubwa kuliko yote linabaki, nalo ni kifo. Hakuna haki ya kulipunguza. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na mamia ya watu. MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, wakafa zaidi ya 200. Wavuvi hufa kila mwaka, mmoja hapa, wawili pale, bila habari zao kuvuka kata. Mzazi wa Nyamira anayeogopa haogopi bure. Ila tutazame vyombo vile vilizamaje. MV Nyerere ilikuwa imejaza watu kupita kiasi, na wengi wa waliokufa katika ajali za ziwa hawakujua kuogelea wala hawakuvaa jaketi la kuelea. Kumficha mtoto maji hakumwokoi. Kunamkabidhi kwa ziwa siku atakapolivuka akiwa mtu mzima, kwa harusi au kazi au mazishi, akiwa hajui hata namna ya kupumua uso ukiwa umelowa. Mtoto wa miaka mitano aliyefundishwa kuogelea katika bwawa la mjini Kisii, akafungwa jaketi linalomtosha sawasawa, akaketi katika mashua yenye watu wachache, yuko salama kuliko yule kijana wa miaka ishirini anayepanda feri kwa mara ya kwanza akiwa na begi mgongoni.

Na ziwa lina tabia inayofahamika, jambo ambalo wavuvi wa ghuba wanaliishi kila siku. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, na upepo huvuma kutoka nchi kavu kuelekea ziwani mpaka asubuhi. Jua likipanda, nchi hupata moto, hewa yake inainuka, na upepo hugeuka ukaanza kutoka ziwani. Mvuvi hutoka na ule wa kwanza na kurudi na ule wa pili. Amepewa gari la kwenda na la kurudi. Mawingu mazito ya ngurumo hujijenga alasiri na usiku. Kwa familia yenye watoto wadogo, maana yake ni kwamba asubuhi ndiyo yao, karibu na ufuko, na kufikia saa sita wawe wameshafunga chombo. Kuna kichocho pia, kinachobebwa na konokono wa majini penye nyasi na maji yaliyotulia. Basi mtoto apandie gatini, asichezee matopeni, na akienda mara kwa mara apimwe. Kuna magugumaji, yaliyoingia upande wa Kenya karibu na 1990 na ambayo mara kwa mara hufunga fukwe nzima kwa upepo wa siku mbili. Haya ni mambo ya kupigiwa simu jioni moja kabla ya safari. Mwenyeji wa ufukweni atakwambia kama njia iko wazi.

Mwenyeji huyo ndiye aliyebaki kuzungumziwa, kwa sababu klabu za mashua za tanga nchini Kenya zilianzishwa na walowezi kwa ajili ya walowezi, na Mwafrika aliingia humo kwa miaka mingi kama mtumishi wa kuvuta chombo nchi kavu. Kumbukumbu hiyo ingali inauma, na sioni kwa nini familia ya Ogembo au Ekerenyo ianzie kwenye lango lile. Walimu wapo Kendu Bay, Homa Bay, Mbita na Rusinga, ni mafundi na wavuvi wanaojua kila jiwe la ghuba, na asubuhi yao ikilipwa vizuri kuliko ndoo ya omena, watakuwa na sababu ya kutunza tanga na kununua majaketi ya watoto. Watu wa mlima na wa ziwa wamewahi kubadilishana wimbi kwa chumvi kwa karne nyingi bila kupendana sana, na wakati mwingine wakiwa katika vita. Leo wanabadilishana ndizi kwa samaki, na mara nyingi ndizi hizo huvuka mpaka zikiwa zimepakiwa juu ya matatu ileile ambayo ingebeba watoto. Likizo ya Aprili huangukia mvua ndefu na dhoruba zake. Ya Agosti ni tulivu zaidi, na ya mwisho wa mwaka ni ndefu ya kutosha kurudia safari. Kwa mtoto wa miaka minne, saa moja majini asubuhi inatosha, pamoja na mkebe wa kuteka ngama. Chombo kikigeuka kurudi, akitazama kusini-mashariki juu ya Kendu Bay, ataiona Manga, nyembamba na ya buluu, mahali alipolala usiku uliopita.